Faili za mipangilio: zinakaa wapi, na ipi husikilizwa kwanza? Mfano wa lugha ya mashine

Programu ya kompyuta, kabla haijafanya kazi yoyote iliyoagizwa, huwa na maswali ambayo mtumiaji hakuulizwa. Izungumze lugha gani? Sehemu ya desimali itengwe kwa nukta au kwa koma? Juma lianze Jumapili au Jumatatu? Karatasi iwe ya A4 au ya kipimo cha Kimarekani? Majibu ya maswali hayo kwa kawaida hayamo ndani ya programu yenyewe. Yameandikwa katika faili ndogo za maandishi, ziitwazo faili za mipangilio, nazo zimetawanyika mahali mbalimbali katika diski. Tena faili hizo mara nyingi hazikubaliani: moja hudai Kifaransa, nyingine Kiswahili, ya tatu haisemi neno. Makala haya yanakusudia kueleza zinakaa wapi na, pale zinapopingana, neno la ipi ndilo husikilizwa. Mfumo uliochaguliwa ni Linux, kwa kuwa faili zake husomeka kwa macho bila chombo maalumu. Na mfano uliochaguliwa ni ule unaowahusu wasomaji wa jarida hili kwa karibu zaidi, yaani namna mashine inavyokijua, au isivyokijua, Kiswahili cha Kongo.

Jambo lenyewe si la mafundi peke yao. Katika vyuo vya Kongo alama huandikwa kwa koma: 12,5 juu ya 20. Fedha zikiandikwa 1.500, humaanisha faranga elfu moja na mia tano. Nchini Kenya na Tanzania ishara hizo mbili zimebadilishana kazi: 12.5 ni kumi na mbili na nusu, na 1,500 ni elfu moja na mia tano. Orodha ya alama ikitayarishwa kwenye mashine iliyopangwa kwa desturi ya kwanza, kisha ikafunguliwa kwenye mashine iliyopangwa kwa desturi ya pili, 12,5 yaweza kuchukuliwa kuwa maandishi matupu yasiyojumlishika, na 1.500 ikageuka kuwa moja na nusu. Mashine haitapiga kelele yoyote. Imefuata mipangilio yake, na kwa upande wake hesabu ni sahihi.

1. Makao ya faili

Diski ya Linux imegawanywa katika saraka, na ndani ya saraka mna saraka nyingine, kama makabati yaliyowekwa ndani ya makabati. Zinazohusika hapa ni tatu.

Ya kwanza ni /usr. Humo huwekwa vitu vilivyoletwa na watengenezaji, pamoja na mipangilio ya msingi waliyoona inawafaa watu wengi. Mtumiaji haishiki, na hata msimamizi wa mashine hafanyi vyema akiihariri, kwani programu ikiletwa upya faili zake hufutwa na kuandikwa tena.

Ya pili ni /etc, nayo ni ya msimamizi. Jina hili linatokana na maneno ya Kilatini et cetera, yaani «na kadhalika». Katika Unix ya awali, iliyoanzishwa kwenye maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969, saraka hiyo ilikuwa ya vitu ambavyo havikupata mahali pengine. Leo mambo yamegeuka kabisa. Mwongozo wa mpango wa saraka, ambao toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2015, umeipa /etc kazi moja yenye heshima: kuhifadhi mipangilio inayoihusu mashine ile na si nyingine. Neno lililokuwa la mabaki limekuwa jina la makao makuu. Wanaoshughulika na historia ya maana watatambua mwendo huo.

Ya tatu ni nyumba ya mtumiaji mwenyewe, ambayo kwa kifupi huandikwa ~. Faili za mipangilio zilizomo huanza kwa nukta, kwa mfano ~/.profile, na kwa sababu ya nukta hiyo hazionekani katika orodha ya kawaida. Ufiche huu haukupangwa. Rob Pike, mmoja wa waliofanya kazi katika maabara ya Bell, alieleza mwaka 2012 kwamba programu ya kuorodhesha faili ilikusudiwa kuruka majina mawili tu, lile la nukta moja na lile la nukta mbili, yanayowakilisha saraka yenyewe na saraka iliyo juu yake. Mwandishi wa programu alifupisha kazi akaruka kila jina lenye nukta mwanzoni, na watu wakautumia mwanya huo kama maficho. Faili zikazidi kurundikana, hata ikapendekezwa zikusanywe katika saraka moja, ~/.config. Programu nyingi za sasa hufuata pendekezo hilo: hutazama kwanza ~/.config, kisha /etc/xdg.

Juu ya hayo yote kuna maagizo yasiyokaa katika diski: vigeu ambavyo programu hurithi kutoka kwa ile iliyoianzisha, na maneno ambayo mtumiaji huyaandika pamoja na amri. Hayo hudumu kwa muda wa kazi ile tu.

2. Kanuni ya jumla na kanuni mahususi

Mwanaisimu hatashangazwa na mpango huu. Katika sarufi, kanuni mbili zikigombea mahali pamoja, ile iliyo mahususi huizuia ile ya jumla. Paul Kiparsky aliieleza kanuni hiyo katika fonolojia mwaka 1973, na asili yake hufikishwa hadi kwa Panini, mwanasarufi wa Kisanskriti. Kiswahili chenyewe kinatoa mfano ulio wazi. Nomino yenye kiambishi ki- huvuta upatanisho wa ki-: kiti kikubwa kimevunjika. Lakini kiumbe hai huvuta upatanisho wa watu, hata kama umbo lake ni la ki-: kiboko mkubwa amezama. Kanuni ya ki- haikufutwa na kiboko. Ipo palepale, inangoja kila nomino ambayo haina la kusema juu ya uhai wake.

Ndivyo zilivyo faili za mipangilio. Neno la mtumiaji hushinda la msimamizi, na la msimamizi hushinda la mtengenezaji, kwa sababu mtumiaji ni mmoja, msimamizi anasema kwa ajili ya mashine nzima, na mtengenezaji anasema kwa ajili ya mashine zote. Mahali ambapo mtumiaji amenyamaza, msimamizi husikika. Msimamizi naye akinyamaza, husikika mtengenezaji. Kwa hiyo ukimya katika faili si kukataa. Ni kukubali lililosemwa juu zaidi, na jambo hili litarudi kwa uzito lifikapo suala la Kiswahili.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuichanganya kanuni hii na utaratibu wa kusoma. Husemwa kwamba «la mwisho kusomwa ndilo hushinda». Kwa programu ya Git ni kweli: husoma kwanza /etc/gitconfig, kisha ~/.gitconfig, hatimaye faili ya mradi wenyewe, na kila thamani mpya hufunika ya zamani. Kwa programu ya ssh ni kinyume chake. Yenyewe huanza na maneno ya amri, ikafuata ~/.ssh/config, ikamalizia na /etc/ssh/ssh_config, na thamani ya kwanza kupatikana ndiyo hubaki. Zinazofuata hazisikilizwi tena. Njia mbili zinazopingana zinafika kijiji kimoja, kwani katika zote mbili aliye karibu ndiye mshindi. Lakini anayekariri kwamba la mwisho hushinda atayaandika maagizo ya jumla mwanzoni mwa faili yake ya ssh, kisha atashangaa mbona yale mahususi aliyoyaweka chini hayafanyi kazi.

Swali la pili la kuuliza ni hili: je, faili iliyo karibu hushinda mstari kwa mstari, au huifunika ile ya mbali yote nzima? Git hulinganisha mstari kwa mstari. Systemd, programu inayosimamia huduma za mashine katika Linux nyingi za leo, hufanya yote mawili. Faili ya huduma iliyowekwa katika /etc/systemd/system huifunika kabisa yenye jina lilelile katika /usr/lib/systemd/system, hata mistari ambayo ile mpya haikuitaja. Anayetaka kubadili mstari mmoja tu hana budi kuuweka katika faili ndogo, ndani ya saraka yenye jina la huduma na mwisho wa .d, ili mengine yaendelee kurithiwa.

Bash nayo ina mtego wake. Mtu anapoingia katika mashine, husoma /etc/profile, kisha hutafuta nyumbani ~/.bash_profile, ~/.bash_login na ~/.profile, kwa mfuatano huo, na husoma ile ya kwanza tu inayopatikana. Programu fulani ikijiundia ~/.bash_profile, hata yenye mstari mmoja usio na maana, ~/.profile iliyotumika miaka mingi hunyamazishwa siku hiyohiyo.

Zipo pia hali ambazo ngazi hugeuzwa juu chini kwa makusudi. Mazingira ya GNOME humruhusu msimamizi kuweka kufuli: jina la mpangilio likiandikwa katika saraka ya locks chini ya /etc/dconf/db, mtumiaji hawezi tena kulibadili. Kwa chumba cha kompyuta kinachotumiwa na wanafunzi mia mbili kufuli lina faida. Kwa mashine ya mtafiti mmoja ni udhia mtupu.

3. Lugha ya mashine

Lugha huamuliwa na vigeu. LANG hutoa jibu la jumla kwa mambo yote. Vipo vingine vya jambo mojamoja: LC_NUMERIC kwa uandishi wa namba, LC_TIME kwa tarehe na majina ya miezi, LC_MONETARY kwa fedha, LC_COLLATE kwa mpangilio wa alfabeti, LC_MESSAGES kwa maneno ambayo programu humwambia mtumiaji. Kilicho mahususi hushinda LANG, kama kiboko. Lakini kipo kigeu kingine, LC_ALL, ambacho kinavishinda vyote, navyo vikae kimya. Kwa maneno yanayoonyeshwa tu, kuna LANGUAGE, ambacho hukubali orodha: sw:fr humaanisha Kiswahili kwanza, na pale tafsiri inapokosekana, Kifaransa.

Hapa ngazi mbili zinakutana, na ndipo watu wengi hupotea. Ngazi ya kwanza ni ya mahali: nyumba ya mtumiaji dhidi ya /etc. Ngazi ya pili ni ya vigeu: LC_ALL dhidi ya LANG. Msimamizi wa mashine ya Debian au Ubuntu amezoea kuandika lugha ya mashine katika /etc/default/locale. Mwenzake wa Fedora huiandika katika /etc/locale.conf. Tuseme msimamizi ameandika humo LC_ALL=fr_FR.UTF-8, akidhani anasaidia. Mtumiaji naye ameandika nyumbani kwake LANG=sw_TZ. Faili ya mtumiaji ni ya karibu, na LANG yake imeshinda LANG yoyote iliyotoka juu. Hata hivyo mashine inaendelea kusema Kifaransa. Ukaribu humpa mtu ushindi juu ya kigeu chenye jina lilelile tu. Hakuna aliyemwambia mtumiaji kwamba LC_ALL imeingia, na hawezi kuishinda ila kwa kuifuta kabisa au kuiandika upya mwenyewe. Ndiyo sababu LC_ALL haifai kuandikwa katika faili ya kudumu; ni ya majaribio ya dakika moja. Amri locale, ikiandikwa peke yake, huonyesha vigeu vyote na thamani zake, na yafaa itangulie malalamiko yoyote.

4. Kiswahili cha Kongo hurithi kwa nani?

Jina la lugha kwa mashine lina sehemu mbili: sw kwa Kiswahili, kisha nchi. Hivyo kuna sw_TZ, sw_KE, sw_UG na sw_CD. Anayeandika LANG=sw_CD anatarajia kwamba, ikiwa mashine haina faili ya Kongo, itampa ya jirani. Matarajio hayo yanatimia upande mmoja tu, maana hazina za maarifa ya lugha ni mbili, na kila moja ina desturi yake ya urithi.

Hazina ya kwanza ni ya Unicode, iitwayo CLDR, inayotumiwa na Android, Chrome na programu nyingine nyingi. Huko urithi huenda kwa kukata mkia: kisichopatikana katika sw_CD hutafutwa katika sw, na kisichopatikana humo hutafutwa katika mzizi ulio wa lugha zote. Faili ya sw_CD ni fupi, kwa sababu huandikwa ndani yake tofauti tu. Inasema, kwa mfano, kwamba desimali hutengwa kwa koma na maelfu kwa nukta, na kwamba fedha ni faranga ya Kongo. Yote mengine hutoka katika sw, na sw imejengwa juu ya matumizi ya Tanzania na Kenya.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Orodha ya ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, inakitambua Kiswahili cha Kongo kama lugha yenye msimbo wake, swc, kando ya swh, na zote mbili chini ya mwavuli mmoja wa swa. Unicode nayo ilikuwa na faili ya swc iliyojitegemea. Humo miezi ilihesabiwa badala ya kutajwa kwa majina ya Kizungu: mwezi ya kwanja, mwezi ya pili, na kuendelea, Jumapili iliitwa siku ya yenga. Baadaye faili hiyo iliondolewa katika kujitegemea kwake ikawekwa chini ya sw kwa jina la sw_CD. Badiliko linaonekana dogo, la herufi chache. Lakini kwa kanuni ya kukata mkia, swc haikuwa na mzazi isipokuwa mzizi, na pale iliponyamaza, hakuna Kiswahili kingine kilichosema badala yake. Sw_CD ina mzazi. Faida yake ni kubwa, maana maelfu ya maneno ambayo hakuna mtu wa Kongo aliyekaa kuyaandika yamepatikana bure. Gharama yake ni kwamba kila mstari usioandikwa sasa hujazwa kwa matumizi ya mashariki, na anayeitazama skrini hawezi kutambua lipi liliamuliwa na lipi lilirithiwa kwa ukimya. Mjadala wa kama Kiswahili cha Kongo ni lugha au lahaja, unaoendeshwa kwa kawaida katika semina, hapa umeamuliwa na mahali faili ilipowekwa.

Hazina ya pili ni ya glibc, maktaba ambayo programu nyingi za Linux hutegemea. Ina sw_KE na sw_TZ. Kongo inawakilishwa humo na ln_CD, yaani Kilingala. Tena glibc haikati mkia. Jina likiandikwa na lisipatikane, haiendi kwa jirani. Hurudi kwenye lugha iitwayo C, iliyopewa jina la lugha ya programu, ambayo miezi yake ni ya Kiingereza na desimali yake ni nukta. Basi mtu aliyeandika LANG=sw_CD kwenye mashine isiyo na faili hiyo hapati Kiswahili cha Kongo, wala cha Tanzania, wala Kifaransa alichokuwa nacho jana. Hupata Kiingereza. Amri locale -a huorodhesha majina yaliyopo kwa hakika, na jina lisilomo katika orodha hiyo lisiandikwe.

Kwa idara inayotaka mashine zake zitumike leo, njia iliyo rahisi ni kuchanganya. LANG=sw_TZ ikiandikwa pamoja na LC_NUMERIC=fr_FR.UTF-8, mashine husema Kiswahili pale tafsiri ilipo, na alama ya 12,5 hubaki kumi na mbili na nusu. Majina yote mawili lazima yawemo katika orodha ya locale -a. Katika Debian msimamizi huyachagua ndani ya /etc/locale.gen, kisha huendesha amri locale-gen.

Njia ya pili ni kuiandika sw_CD yenyewe. Vyanzo vya glibc ni maandishi ya kawaida, huwekwa katika /usr/share/i18n/locales, na hugeuzwa kuwa umbo linalotumiwa na mashine kwa amri localedef. Hakuna haja ya kuanza bila kitu, kwani kila sehemu yaweza kuwa na mstari mmoja tu unaoanza kwa neno copy na jina la lugha nyingine, nayo ikaazima sehemu ile nzima. Mpangilio wa alfabeti waweza kuazimwa kutoka sw_TZ bila hasara. Namba na fedha hazina budi kuandikwa, na ni kazi ya nusu saa. Inayobaki ni LC_TIME. Humo kuna nafasi kumi na mbili za majina ya miezi na saba za majina ya siku, na copy inaweza kuzijaza zote kwa mara moja na kuleta Januari na Jumapili. Anayeiacha copy itambidi achague kati ya majina ya shuleni, hesabu ya miezi kama ilivyokuwa katika swc, na siku ya yenga kama isemwavyo nyumbani. Na uchaguzi huo fundi hawezi kuufanya peke yake.